Programu ya mazoezi: mteja akishapata afya, kampuni itakula wapi?

Mjasiriamali anayeunda programu ya simu ya afya na mazoezi ana tatizo ambalo muuza sabuni hana. Sabuni huisha, mteja akarudi dukani. Lakini mtu aliyejifunza kukimbia, akazoea, na uzito ukashuka, haoni tena sababu ya kulipia programu ya kumfundisha kukimbia. Aliyeshindwa naye haoni sababu. Wa kutegemewa wanabaki wale wa katikati: walilipa, wakaacha mazoezi, na hawajakumbuka kusitisha malipo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama biashara hii inafaa kuanzishwa, jibu langu linategemea kundi analotaka limlishe. Kabla ya kufika huko, wanaoitetea na wanaoitilia shaka wote wana hoja za kusikilizwa.

Wanaoitetea huanza na ukubwa wa haja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za mwili zenye nguvu ya wastani, au dakika 75 za nguvu kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet Global Health ulikadiria kuwa mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani kama watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho. Sidhani kuna soko lingine lenye wahitaji wengi hivyo ambapo nusu ya kifaa kinachohitajika tayari kiko mfukoni mwa mteja. Simu janja ina kitambuzi cha mwendo, ina GPS, na mwenyewe hatoki bila hiyo. Mjasiriamali hahitaji kiwanda wala ghala.

Wana pia mfano wao wanaoupenda. Mwaka 2005 Mmarekani Mike Lee alitaka kupunguza uzito kabla ya harusi yake. Alipewa kitabu cha kuorodhesha vyakula na kalori, akaona kazi ya karatasi inachosha, akaandika programu ya kufanya kazi hiyohiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Lee aliona kuwa kalori nazo ni vivyo hivyo. Programu hiyo, MyFitnessPal, aliiendesha, baadaye pamoja na ndugu yake Albert, bila fedha za wawekezaji wa nje hadi mwaka 2013, walipochukua dola milioni 18. Mwaka 2015 kampuni ya mavazi ya michezo ya Under Armour ikainunua kwa dola milioni 475. Mwaka huohuo Under Armour ilitangaza kuinunua Endomondo, programu nyingine ya mazoezi, kwa dola milioni 85, na Adidas ikaichukua Runtastic, nayo ya mazoezi, kwa euro milioni 220.

Upande wa pili unaisoma hadithi hiyohiyo hadi ukurasa wa mwisho. Mwaka 2020 Under Armour ilitangaza kuiuza MyFitnessPal kwa dola milioni 345, na Endomondo ikafungwa mwishoni mwa mwaka. Mamilioni ya watumiaji waliokuwa wamekusanywa kwa bei hiyo hawakuleta mauzo ya viatu na fulana yaliyotarajiwa. Ndugu wawili walikwishaondoka na chao, aliyeungua ni mnunuzi. Lakini mjasiriamali wa leo asidhani mnunuzi wa namna hiyo bado amekaa sebuleni akimsubiri.

Halafu kuna swali ambalo wengi katika biashara hii hulikwepa: je, vitu hivi vinamsaidia mtu kweli? Mwaka 2016 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Chuo Kikuu cha Pittsburgh lililohusisha vijana 471 waliokuwa wakipunguza uzito kwa miaka miwili. Wote walipewa ushauri wa lishe na mazoezi. Baada ya miezi sita, nusu yao wakaongezewa kifaa cha kuvaa kinachopima mwendo, wengine wakaendelea kujiandikia wenyewe. Mwishoni, waliokuwa na kifaa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.5, na wasiokuwa nacho kilo 5.9. Mtetezi atasema, na ni haki yake, kwamba kifaa kile kilivaliwa mkononi juu ya kiwiko, teknolojia ilikuwa ya zamani, na jaribio moja halifungi mjadala. Nakubaliana naye. Ila ningemtaka akiri kwamba kupima mwendo na kubadili mwenendo ni kazi mbili, na kampuni nyingi huuza ya kwanza zikiahidi ya pili.

Chukua hatua 10,000 kwa siku, lengo lililoenea katika saa janja na programu nyingi. Halikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliingiza sokoni kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na tarakimu ikashika. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia karibu wanawake 17,000 wenye umri mkubwa nchini Marekani uliona kuwa waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi kama 7,500, kisha ikatulia. Kwa hiyo bibi wa miaka sabini aliyetembea hatua 7,000 amefanya kazi nzuri sana, na simu yake inamwonyesha duara lisilojaa. Anayebuni programu leo anaweza kuweka lengo linaloanzia pale mtu alipo. Ni kazi ndogo ya kuandika msimbo, lakini tarakimu iliyozoeleka ni rahisi kuitangaza.

Nirudi kwenye fedha, maana ndiko programu inakoamuliwa itakuwa kitu gani. Walipaji ni watatu: mtumiaji mwenyewe, mtangazaji wa biashara, na mtu wa tatu mwenye maslahi na afya ya mtumiaji, kama kampuni ya bima au mwajiri.

Mtumiaji akilipa mwenyewe, uhusiano ni wa wazi, na wengi hushauri njia hiyo. Tatizo ni nguvu ya soda. Januari watu hujiunga kwa shangwe, wiki chache baadaye povu limekwisha. Kampuni inayoishi kwa ada ya mwezi hushawishika kufanya mlango wa kuingia uwe mpana na wa kutokea uwe mwembamba. Noom, programu ya kupunguza uzito, ilikubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 56 taslimu pamoja na huduma zenye thamani ya dola milioni 6 ili kumaliza kesi ya wateja waliolalamika kwamba majaribio ya bei nafuu yaligeuka malipo ya kujirudia ambayo ni magumu kuyasitisha. Kwenye kila malipo yanayopitia duka la programu, Apple au Google kwa kawaida hukata kati ya asilimia 15 na 30. Na hao wanaokata ndio washindani wako: Apple ilianza kuweka programu yake ya afya ndani ya simu mwaka 2014, bure, na Google ilikamilisha ununuzi wa Fitbit, kampuni ya vifaa vya kuvaa vya kupima mwendo, mwanzoni mwa 2021, kwa mapatano ya dola bilioni 2.1. Kuhesabu hatua na mapigo ya moyo si biashara tena.

Strava, programu ya wakimbiaji na waendesha baiskeli, imepona dhoruba hiyo kwa sababu inachouza ni kuwa pamoja na watu wengine. Tangu ilipoanzishwa mwaka 2009, kivutio chake ni kwamba mlima uliopanda jana kwa baiskeli umepandwa pia na jirani yako, na muda wake umeandikwa. Mei 2020 ilipohamishia orodha kamili za ushindani huo upande wa wanaolipa, malalamiko yalikuwa mengi, lakini watu hawakuwa na pa kuhamia wakiwa na marafiki zao wote. Hapa mteja mwenye afya njema ndiye anayebaki muda mrefu zaidi. Ni mojawapo ya njia chache za kulitatua lile tatizo la sabuni. Mjasiriamali mgeni ajue tu kwamba jumuiya haijengwi kwa kuongeza kitufe cha kutuma pongezi.

Mtangazaji wa biashara ndiye mlipaji ninayemwogopa. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia mapatano na Flo, programu ya kufuatilia hedhi na ujauzito, baada ya kuituhumu kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa kampuni za nje, zikiwemo Facebook na Google, ilhali iliahidi kuzitunza kwa siri. Miaka miwili baadaye GoodRx, inayosaidia watu kupata dawa kwa bei ya punguzo, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 kwa tuhuma zinazofanana. Mara nyingi kisa huanza kwa kipande kidogo cha msimbo wa bure wa kupima matangazo, ambacho mtengenezaji amekichomeka bila kusoma kinachopeleka nje.

Hata asiyeuza taarifa anaweza kuzimwaga. Novemba 2017 Strava ilichapisha ramani ya dunia ikionyesha njia wanakokimbia watumiaji wake, bila jina la mtu yeyote. Januari iliyofuata ikabainika kuwa katikati ya maeneo ya vita na majangwa palionekana mistari inayong'aa: askari waliokuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao. Mapema 2018, MyFitnessPal iliingiliwa na wadukuzi waliochukua taarifa za akaunti karibu milioni 150. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni iliyoanza kutumika Mei 2018 inaziweka taarifa za afya katika kundi linalolindwa kwa ukali zaidi. Ushauri wa kawaida ni kukusanya kidogo na kufanya hesabu ndani ya simu ya mtumiaji badala ya kwenye seva. Ninauunga mkono, ingawa una gharama: asiyekusanya kitu hawezi kujua kama bidhaa yake inasaidia, na hana ushahidi wa kumpelekea mwenye bima.

Mwenye bima naye hutaka ushahidi. Mpango wa Vitality, ulioanzishwa na kampuni ya Discovery ya Afrika Kusini mwaka 1997, huwazawadia wateja wanaojali afya. Katika mojawapo ya miundo yake, mteja huchukua saa ya Apple kwa malipo madogo, kisha anachodaiwa kila mwezi hupungua kadiri anavyofanya mazoezi. Uchambuzi wa taasisi ya utafiti ya RAND Europe wa mwaka 2018 uliwahusisha waliojiunga na muundo huo na ongezeko la asilimia 34 la shughuli za mwili. Utafiti huo ulifanywa kwa ajili ya Vitality, na wanaochukua saa ya namna hiyo huenda ni watu waliokwisha kuwa na ari. Hata hivyo hapa faida ya mlipaji na afya ya mtumiaji vinaelekea upande mmoja. Ubaya wake ni kwamba mtumiaji si mteja tena. Leo anapewa punguzo kwa kutembea, na hakuna kinachomhakikishia kuwa kesho hatalipishwa zaidi kwa kukaa.

Njia ngumu zaidi ni kuacha mazoezi ya jumla na kushika ugonjwa usioisha. mySugr ilianzia Vienna ikiwasaidia wenye kisukari kuandika viwango vyao vya sukari, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Roche, kampuni ya dawa na vipimo. Mwenye kisukari huihitaji leo na ataihitaji mwakani, akiendelea vizuri au asiendelee. Lakini programu ikianza kukokotoa kipimo cha insulini inageuka kifaa cha tiba, na wasimamizi huitazama kwa jicho hilo: majaribio, nyaraka, miezi ya kusubiri. Wengi hukimbilia upande wa pili wa mstari huo, ambako kusema "ustawi" kunatosha na hakuna anayeomba uthibitisho. Akili mnemba imefanya upande huo ujae zaidi, kwa kuwa anayeweza kuandikiwa programu nzima kwa wiki chache anaweza pia kuigwa kwa wiki chache.

Kwa maoni yangu, njia inayodharauliwa kupita kiasi ni ya kuuza kitu chenye mwisho. Mpango wa Couch to 5K, uliobuniwa na Josh Clark mwaka 1996, huchukua wiki tisa: unaanza ukiwa huwezi kukimbia dakika mbili, unamaliza ukikimbia nusu saa. Baadaye huduma ya afya ya Uingereza iliutolea programu ya simu ya bure. Mtu akimaliza, kazi imekwisha, na anawaambia wengine. Mjasiriamali anaweza kutoza mara moja kwa mpango wa namna hiyo, kwa kundi dogo analolielewa: waliotoka kujifungua, wenye maumivu ya goti, wazee wanaohofia kuanguka. Mwekezaji hataupenda, kwa sababu anatafuta mapato yanayojirudia na kampuni itakayokua mara mia. Basi asichukuliwe. Ndugu wa MyFitnessPal walikaa miaka minane bila yeye.

Anayeshikilia ada ya mwezi ana kipimo anachoweza kukichukua leo hii kwenye mfumo wake wenyewe: katika fedha zilizoingia mwezi uliopita, ni kiasi gani kilitoka kwa watu ambao hawakuifungua programu hata mara moja ndani ya siku 30? Awatumie ujumbe wa kuwakumbusha kuwa wanalipa, pamoja na kitufe cha kusitisha, kisha apige tena hesabu za kodi ya ofisi na mishahara kwa fedha zitakazobaki.