Acheni kurusha dadu kwa kila kitu

Kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, mchezaji anasema: "Nasoma tangazo lililobandikwa mlangoni." Masta, yaani msimulizi anayeendesha mchezo, anajibu: "Rusha dadu." Inatoka 3. "Hujaweza kulisoma." Mhusika mwenyewe ni karani wa mahakama, tangazo limeandikwa kwa lugha yake, na ni saa sita mchana. Sasa kapofuka? Kasahau kusoma kati ya stendi na mlango? Hapana. Masta kaona dadu mezani, mkono ukamuwasha.

Ndugu zangu masta wa Arusha na Moshi, huu ugonjwa umezidi. Mnatunga kampeni nzuri, yaani hadithi ndefu ya kuchezwa, mnachora ramani hadi vichochoro, halafu hadithi nzima mnamkabidhi kipande cha plastiki chenye nyuso 20 kisichojua hata jina la mhusika.

Tuhesabu kidogo, maana wengi wanadhani wanampa mchezaji nafasi kumbe wanamnyang'anya. Tuseme kampeni ni ya Moshi miaka ya 1930, na kundi linataka kuingia usiku kwenye ghala la kahawa karibu na stesheni ya reli. Mhusika ana nyongeza ya 4 kwenye kunyata, inayojumlishwa na namba ya dadu, namba ya kufikia ni 12. Anahitaji 8 au zaidi, yaani nyuso 13 kati ya 20, asilimia 65. Nafasi nzuri kabisa. Lakini masta anamtaka arushe kuruka ukuta, arushe kuvuka ua, arushe kumpita mlinzi, arushe tena kupanda ngazi. Kufaulu mara nne mfululizo ni asilimia 18 hivi. Halafu mnalalamika kwamba wachezaji wenu wanapenda vurugu tu, hawapangi mambo kwa akili! Watapangaje, na kila mpango umewekewa vizuizi vinne?

Dawa yake ni kurusha mara moja kwa safari nzima, kutoka ukutani mpaka juu ghorofani. Matokeo hayo yanashika mpaka hali ibadilike kweli: mbwa kafunguliwa, au mtu kaangusha kandili.

Kundi zima likinyata, balaa linaongezeka. Wachezaji watano wenye asilimia 65 kila mmoja, na masta anataka wote wapite bila mmoja kukosa: asilimia 12 hivi. Ukisema wote warushe na wakifaulu watatu kati ya watano kundi limepita, unafika asilimia 76. Waliofaulu wamewashika mkono waliokosa, na hilo linasimulika vizuri tu.

Kwenye kutafuta vitu hesabu inageuka. Droo ina daftari la siri, kila mtu ana asilimia 40 ya kuliona, na wote watano wanarusha. Nafasi ya angalau mmoja kuliona ni asilimia 92. Sasa ulikuwa unajaribu nini hapo? Na ile asilimia 8 ikitokea, kampeni imekwama mlangoni, kwa sababu bila daftari hakuna anayejua magunia yalipelekwa wapi. Masta anaanza kutoa jasho, anabuni mzee wa kupita njiani mwenye habari zote. Tumeshamzoea huyo mzee.

Kitu ambacho hadithi haiwezi kusonga bila hicho, wape. Aliyesema anafungua droo amelipata daftari, basi. Dadu iamue mengine: wamelipata kimyakimya au kwa kelele, kwa dakika 2 au 20, wameacha kila kitu kilivyokuwa au kesho karani wa ghala atajua kuna mtu kaingia. Tena usitegemee dalili moja. Kwa kila jambo ambalo lazima walijue weka njia tatu za kulijua: daftari, mchukuzi wa stesheni anayedai ujira wake, na alama za magurudumu kwenye matope. Moja wataipita bila kuiona, ya pili wataielewa vibaya, ya tatu itawafikisha.

Kwa hiyo kabla ya kutamka "rusha", jiulize: je, anaweza kweli kushindwa? Akishindwa, kuna kitakachobadilika? Na kuna kinachomzuia kurudia mpaka afaulu? Kufuli la sanduku nyumbani kwake mwenyewe, bila haraka, atalifungua tu hata kwa saa nzima. Mwambie limefunguka, endeleeni. Kufuli hilohilo huku mlinzi anakuja na tochi, hapo sawa, rusha.

Na ukimwambia arushe, taja bei kabla dadu haijaondoka mkononi. "Namba ni 15. Ukikosa, kufuli litafunguka lakini mlinzi atakuwa amefika kona." Wanaotumia Dungeons & Dragons, mmoja wa michezo ya aina hii, wanajua 10 ni rahisi, 15 ni wastani, 20 ni ngumu; chagua moja na uiseme kwa sauti. Masta anayeficha namba mpaka aone dadu imetoka ngapi haendeshi mchezo. Anaamua anachotaka, halafu anaisingizia dadu.

Kukosa nako kuwe na kitu. "Hakuna kilichotokea" ndiyo sentensi mbaya kuliko zote mezani, kwa sababu baada yake mchezaji mwingine atasema tu "na mimi najaribu".

Haya, kuna wanaosema dadu ndiyo raha yenyewe, na inazuia masta kumpendelea mshikaji wake. Sawa, nakubali kwa shingo upande. Kwenye mapigano dadu ina haki yake yote, ila basi irushwe mezani kila mtu aione, siyo nyuma ya daftari lako.

Kuhusu kukosa dadu zenyewe. Za nyuso 20 hazipatikani kila duka, na programu ya simu ni nzuri mpaka chaji iishe. Dadu ya ludo inatosha. Chukua kikombe chenye vikaratasi 10 vilivyoandikwa 1 hadi 10, na dadu moja ya ludo. Chomoa kikaratasi, rusha dadu: ikitoka 1 hadi 3 namba inabaki kama ilivyo, 4 hadi 6 ongeza 10. Umepata 1 hadi 20, kila namba kwa nafasi sawa. Rudisha kikaratasi na utikise kila mara. Usiporudisha, chalii mwenye hesabu kichwani atajua kilichobaki, na mchezo utageuka karata.

Msichofanya ni kujumlisha dadu mbili za ludo na kubaki na nyongeza zilezile za dadu ya nyuso 20. Dadu mbili zinapenda katikati: 7 hutoka mara 6 kati ya 36, 12 mara moja tu. Lengo likiwa 8, mtu bila nyongeza ana asilimia 42. Mpe 1 tu anafika 58. Mpe 5 aliyokuja nayo kwenye karatasi yake ya mhusika, hapo anakosa mara moja kati ya 36. Nyongeza kwenye mfumo huo ziishie 2, au 3 kwa bingwa.

Mengine kwa haraka. Wachezaji wanne wanatosha: wakiwa sita, kila mmoja akitumia dakika 2 na wewe dakika 3, raundi moja ya mapigano ni robo saa, na atakayesubiri zamu yake atafungua simu. Acheni kuanzia kila kampeni kwenye baa ya Ulaya ya kale huku Marangu kuna mahandaki yaliyochimbwa na Wachagga kujificha wakati wa vita. Sheria za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons zimekuwa chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, hivyo ukizitafsiri kwa Kiswahili na kutaja chanzo, hakuna wa kukukamata. Pointi za uhai ziandikwe kwa penseli kwenye karatasi, TANESCO wa umeme hawana ratiba na kampeni yako. Na anzeni saa nane mchana mmalize saa kumi na mbili jioni, kwa sababu anayekaa Usa River akianza kuangalia saa kila dakika akiwazia vifodi vya kumrudisha nyumbani, huyo hayupo mezani tena, na mhusika wake atauawa na zimwi dogo kabisa.