Greenland ichimbe au iache? Hoja kutoka pwani ya kusini

Julai 2021 serikali ya Greenland ilitangaza kuwa haitatoa tena leseni mpya za kutafuta mafuta. Watetezi wa mazingira walishangilia. Kwa sisi wa Mtwara jambo hili si jepesi hivyo, maana gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na tukasubiri hadi 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam likamilike. Tunajua maana ya kukaa juu ya mali isiyokulisha.

Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote, zaidi ya mara mbili ya Tanzania, na karibu asilimia 80 yake ni barafu. Kuna mahali unene wake unapita kilomita 3. Watu ni takriban 56,000 tu, wote kandokando ya pwani, na hakuna barabara ya kutoka mji mmoja hadi mwingine. Wanategemea samaki, kamba na ruzuku kubwa ya Denmark.

Barafu nyeupe hurudisha mwanga wa jua angani. Ikiyeyuka, maji na miamba meusi hubaki wazi na kunyonya joto, nalo joto huyeyusha zaidi. Maji ya juu huzama kwenye nyufa hadi chini kabisa, yakaufanya mwamba uwe na utelezi, barafu ikateleza kuelekea baharini. Vipimo vya satelaiti tangu 2002 vinaonyesha Greenland inapoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kila mwaka. Ikiisha yote, jambo la karne nyingi, bahari itapanda zaidi ya meta 7.

Linaloniuma zaidi ni hili. Barafu hiyo ni nzito kiasi kwamba mvuto wake huyakusanya maji ya bahari kuizunguka. Ikipungua, maji huachiliwa yaende mbali. Kwa hiyo karibu na Greenland usawa wa bahari hushuka, na huku kwetu hupanda kuliko wastani wa dunia.

Mwenye majaruba ya chumvi Lindi haelezwi hilo mara mbili. Wakati wa bamvua, yaani bahari ijaapo kupita kawaida, maji yakipita tuta la udongo kwa sentimita chache tu, chumvi iliyokwisha kuganda inayeyuka, na kazi ya siku nyingi juani inaanza upya.

Je, hilo linatupa haki ya kuwaambia watu wa Greenland wasichimbe? Tangu 2009 wana mamlaka ya kujiendeshea mambo mengi, madini yakiwemo, na wengi wao wanataka uhuru kamili kutoka Denmark. Uhuru unahitaji fedha. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipaza sauti wakidai gesi iwanufaishe wao kwanza. Nisingethubutu kuwanyima wengine dai lile lile. Upande wa pili nao una uzito: mafuta yakimwagika kwenye bahari yenye barafu ni vigumu mno kuyasafisha, na wenye kuumia kwanza ni wavuvi wale wale. Na yakichomwa, popote pale, joto ni la wote.

Mimi naona kusitisha mafuta kulikuwa sahihi, lakini gharama yake haikupaswa kubebwa na watu 56,000. Waliochoma makaa na mafuta kwa zaidi ya karne moja ndio wenye deni. Madini ya mitambo ya upepo na betri nayahesabu tofauti, mradi fiodi, yaani ghuba nyembamba zinazoingia kati ya milima, na uvuvi vilindwe.

Kwa kipimo hicho hicho, gesi yetu ikichukua nafasi ya mkaa jikoni naitetea bila kusita. Ile ya kusindikwa Likong'o, mkoani Lindi, ipelekwe ng'ambo naiunga mkono kwa sharti: sehemu ya mapato yake iandikwe mapema kwa ajili ya kurudisha mikoko iliyokatwa na kuimarisha matuta ya wazalishaji chumvi, na kiasi hicho kitajwe ndani ya mkataba, kisiachwe kwenye ahadi za jukwaani.