Ile 24 ni ya nini?

Juzi mpwa wangu kanifungulia daftari la hesabu, uso umemshuka. Swali: Asha na Juma waligawana gololi kwa uwiano wa 3:5. Juma alipata gololi 24 zaidi ya Asha. Kila mmoja alipata ngapi? Mtoto kachora visanduku vitatu vya Asha, chini yake vitano vya Juma, kazungushia viwili vilivyozidi, pembeni kaandika 24. Kila kisanduku 12. Asha 36, Juma 60. Sahihi kabisa! Juu yake mwalimu kapiga mkasi mwekundu wa kukosa: "Tumia kanuni."

Kanuni yenyewe tuliikariri wote: jumlisha uwiano, gawa, zidisha. 3 na 5 ni 8, 24 gawa kwa 8 ni 3, basi Asha 9, Juma 15. Imetoka bila baki, inapendeza machoni, na ni upuuzi mtupu. 15 imeizidi 9 kwa 6, hiyo 24 imepotelea wapi?

Ugonjwa uko hapo. Mtoto hafundishwi kuuliza ile 24 ni ya nini. Ikiwa ni gololi zote, fungu moja ni 3. Ikiwa ni tofauti, fungu ni 12. Ikiwa ni za Asha peke yake, fungu ni 8 na Juma ana 40. Namba ileile, uwiano uleule, majibu matatu. Visanduku havikuachii ukimbie swali hilo, maana kabla ya kuandika 24 lazima uamue unaiweka wapi.

Haya, kwenye mtihani kanuni inaokoa muda. Kwa anayejua anachofanya.

Wa kusema sentimita 50 kwa mita 2 ni 50:2 badala ya 1:4, huyo kasahau vipimo tu, atapona. Anayeandika kwamba Asha ana 3/5 ya gololi zote ndiye wa kukaa naye. Achore, avihesabu vyote vinane, ataiona 3/8 mwenyewe.

Nikampa la umri: mama ana miaka 32, mtoto 8, yaani 4:1. Baada ya miaka 4 je? Nilikuwa najiandaa kueleza, kumbe keshaandika 36 na 12.

"Imekuwa 3:1, anko. Lakini mama bado kamzidi 24." Kisha akacheka. "24 tena!"

Daftari tukalifunga, mkasi wake ndani.