Jina Dionisi na mungu aliyemo ndani yake

Katika parokia za Tanzania na Uganda si ajabu kumkuta mtu anayeitwa Dionisi, au Denis kwa wale waliolipokea jina hilo kupitia Kifaransa na Kiingereza, na hakuna anayemuuliza kama jina hilo ni la Kikristo. Hata hivyo, katika Kigiriki cha kale Dionysios maana yake ni "wa Dionysos", yaani mtu wa mungu wa mvinyo, ambaye Waathene walimfanyia sikukuu za ngoma, ulevi na michezo ya kuigiza. Je, jina la namna hiyo hubaki na mungu wake hata baada ya ubatizo, au huwa mali ya watu waliolibeba?

Wanaosema kwamba mungu hubaki wana ushahidi mzito. Eusebius wa Kaisaria, mwanahistoria wa Kanisa la kwanza, anasimulia habari za Wamisri watano waliokamatwa kwenye lango la Kaisaria, mji wa Palestina, mwanzoni mwa karne ya 4, wakitoka kuwasindikiza Wakristo wenzao waliohukumiwa kufanya kazi migodini Kilikia. Hakimu Firmilianus alipowauliza majina, walijitaja kwa majina ya manabii: Eliya, Yeremia, Isaya, Samweli na Danieli. Eusebius anaeleza kwamba walikuwa wameyaacha majina waliyopewa na wazazi wao kwa kuwa yalikuwa ya miungu. Mkubwa wao alipoulizwa mji wake akajibu, "Yerusalemu", akimaanisha ule wa mbinguni. Hakimu akadhani Wakristo wamejijengea mji wa siri dhidi ya Roma, akaamuru ateswe zaidi mpaka aseme uko wapi. Wote watano walikatwa vichwa. Hao si watu wa kupuuzwa hata kidogo. Serikali iliyowahukumu ilikuwa ikiwalazimisha watu kuitolea sadaka miungu ileile, na kwao kuitika jina la mungu kulikuwa karibu sawa na kukitambua kiti chake.

Lakini miaka isiyozidi sabini kabla yao, katika Misri hiyohiyo, askofu wa Aleksandria aliitwa Dionysios. Alishika uaskofu kuanzia mwaka 247, akapitia mateso ya kaisari Decius na kupelekwa uhamishoni chini ya Valerianus, wala hakulibadili jina lake. Tena hatuwezi kusema kwamba hakuwahi kuyafikiria majina. Alipokuwa akichambua kama Yohana aliyeandika Ufunuo ndiye yule mtume, alitoa hoja kwamba Yohana walikuwa wengi, kama vile watoto wengi wa waamini walivyokuwa wakiitwa Paulo na Petro. Desturi ya kuwaita watoto kwa majina ya mitume, basi, aliijua vizuri, na yeye akaendelea kutia sahihi kwa jina la mungu wa mvinyo. Hata Matendo ya Mitume 17:34, panapotajwa Dionisio Mwareopago aliyeamini baada ya mahubiri ya Paulo huko Athene, hapana neno lolote la kumtaka abadili jina.

Mimi naona ushahidi wa upande huu wa pili una nguvu zaidi, na anayenishawishi kuliko wote ni Dionysius Exiguus, mtawa aliyeishi Roma. Mwaka 525, alipokuwa akitengeneza jedwali la tarehe za Pasaka, alikataa kuhesabu miaka kwa utawala wa kaisari Diocletianus, kwa sababu hakutaka kumbukumbu ya mtesaji wa Wakristo iendelee kudumu. Badala yake akahesabu tangu kuzaliwa kwa Kristo, na hesabu hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo. Huyu alijua fika kwamba jina linaweza kuchafua karatasi. Jina la Diocletianus lilimchoma. La Dionysos, alilolibeba mwenyewe, halikumchoma, kwa sababu kati yake na mungu huyo walikuwa wamekwisha kupita maaskofu na mashahidi wa imani. Walikuwamo pia madhalimu, maana Dionysios wa Sirakusa aliutawala mji wake kwa mabavu kuanzia mwaka 405 hadi 367 K.K., lakini wala yeye hakuliharibu jina moja kwa moja.

Kipimo hiki, cha kulipima jina kwa watu waliolibeba, hakikutumika kwetu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimwagiza padre ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, aliongeze mwenyewe la mtakatifu. Hivyo jina la ukoo, hata lile lenye maana ya mvua au mavuno tu, lilihesabiwa kuwa halitoshi, wakati Dionisi likipita bila swali. Sheria ya mwaka 1983 imelegeza jambo hilo: inakataza tu jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Bado nawasikia wazazi wakiulizwa, "Na la Kikristo je?"

Mei 1886, huko Munyonyo, Uganda, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alimshambulia kwa mkuki kijana wa ikulu aliyekutwa akimfundisha mwenzake dini, na kijana huyo akauawa. Aliitwa Denis Ssebuggwawo. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI alipomtangaza mtakatifu pamoja na wenzake, majina yote mawili yaliingia katika orodha ya watakatifu. Mzazi anayemleta mtoto kwenye kisima cha ubatizo leo akisema aitwe Ssebuggwawo, bila Denis mbele yake, amekwisha kuleta jina la mtakatifu.