Nusu Lita ya Oili Yangu

Mezani kwangu kuna ankara ya sevisi ya pikapu, na pembeni yake kitabu cha gari kimefunguliwa ukurasa wa vipimo. Kitabu kinasema injini hii, ukibadilisha oili pamoja na filta, inachukua lita 7.5. Ankara inasema nimeuziwa lita 8, kila lita shilingi 28,000. Ukiweka na VAT ya asilimia 18, nimelipa shilingi 16,520 kwa oili ambayo haikuingia kwenye gari langu.

Najua nitaitwa bahili. Nilipouliza, binti wa mapokezi, mwenye adabu zake, aliniamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza naingia. "Shikamoo mzee." Kisha akanigeuzia kompyuta nijionee. "Mfumo ndio unasoma hivyo, mzee wangu. Hauna nusu." Lakini oili pale haitoki kwenye galoni, inatoka kwenye pipa kwa mpira wenye mita, na mita hiyo inahesabu hadi nukta. Wakati wa kumimina nusu inajulikana. Wakati wa kulipa ndipo inapotea.

Pikapu hii tuliinunua mpya, mimi na mdogo wangu, kwa mkopo wa benki, ya kubebea mboga na matunda kutoka Lushoto kuleta Dar. Wengi wetu tunaendesha magari yaliyokwisha kula barabara za Japani. Unalitoa bandarini, unampelekea fundi wako, habari imeisha. Ukinunua jipya umefunga ndoa. Waranti yetu ni miaka 3 au kilomita 100,000, itakayotangulia, na sharti ni kwamba kila sevisi ifanyike kwenye karakana ya wakala aliyetuuzia na kitabu kigongwe muhuri wao. Kwa dizeli na vumbi letu wametupangia kila kilomita 5,000. Safari za Lushoto zinazila hizo kilomita kama mchwa. Hadi waranti iishe, ni sevisi 20.

Sevisi ya ankara hii imefika shilingi 662,570. Oili 224,000, filta ya oili 48,000, filta ya dizeli 95,000, washa ya nati ya kumwagia oili 4,500, ufundi 165,000, na mstari mmoja wa ajabu ulioandikwa "matumizi ya karakana", 25,000. Juu yake ndiyo inakaa VAT. Walitaka pia kuniuzia dawa ya kusafisha injini kwa ndani. Kitabu cha gari hakina kitu kama hicho, nikakataa, wala hawakunibembeleza mara ya pili. Hilo lenyewe lilinipa jibu.

Kwenye vipuri sigombi. Miaka ya nyuma, na gari langu la kwanza, nilinunua filta Gerezani kwa bei ya kutabasamu. Boksi zuri, stika inayong'aa, kila kitu. Baada ya wiki chache taa ya oili ikaanza kuwaka. Fundi akaikata ile filta kwa msumeno, ndani tukakuta karatasi laini kama ya kufungia maandazi, imejikunja pembeni. Tangu siku hiyo nikilipa 48,000 kwa filta ninayojua ilikotoka, nalala usingizi.

Kwenye ufundi ndipo tunapoachana. Wameandika saa 2.2, kila saa 75,000. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo, kikombe cha kahawa ya bure mkononi, nikiwatazama. Gari lilipanda jeki saa nne na dakika kumi. Lilishuka saa tano kasoro tano. Dakika 45, na katikati yake kijana alikwenda kupokea simu.

Nilieleweshwa kwamba saa zile si za ukutani. Ni saa za kitabuni: kila kazi imepangiwa muda wake, na mteja analipa muda huo, fundi awahi asiwahi. Utaratibu huu haukubuniwa hapa, karakana za mawakala duniani kote zinautumia, na nakiri una haki yake. Kama kazi ni kushusha gia boksi na nati moja imekatikia ndani, fundi akahangaika kutwa nzima, hasara hiyo si yangu. Kwenye kazi yenye vikwazo, kitabu kinanilinda. Sasa niambieni, kumwaga oili kuna kikwazo gani? Unafungua nati, unasubiri, unafunga filta mpya mbili, unajaza, unapima kwa stiki. Ni kazi ambayo fundi akiwa na jeki ya umeme na mpira wa hewa hawezi kuchelewa hata akitaka. Kwa hiyo lile bima la kitabu nalilipia kila mara, na sitalidai hata siku moja.

Tena msifikiri ile 75,000 anaichukua yule kijana. Pale kuna vigae, viyoyozi, kompyuta ya kusoma injini, mafunzo, kodi ya kiwanja kwenye barabara kubwa. Naelewa. Fundi wangu wa Tabata anafanya kazi hiyohiyo chini ya mwarobaini kwa 30,000, na hana kigae hata kimoja. Lakini pia hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na siku mambo yakiharibika sina wa kumshitaki ila yeye na mwarobaini wake. Tofauti ya bei naikubali. Ukubwa wake ndio nauliza, maana sijaona mahali ulipoelezwa.

"Matumizi ya karakana" niliambiwa ni vitambaa, grisi na vitu vidogovidogo. Kwa 25,000 Kariakoo unanikuta natoka na furushi la matambara begani.

Kinachotufanya tulipe bila kelele ni hofu ya muhuri. Wenzetu wengine waliliona hili. Marekani wana sheria tangu mwaka 1975 inayomzuia mtengenezaji kufunga waranti kwa sharti kwamba utumie karakana yake au vipuri vyenye jina lake tu, isipokuwa akupe bure au apate kibali maalumu. Na tusiseme hayo ni ya Wazungu: Afrika Kusini, tume yao ya ushindani ilitoa miongozo iliyoanza tarehe 1 Julai 2021, mwenye gari apeleke sevisi kwenye karakana huru bila kunyang'anywa waranti kwa sababu hiyo tu, na bei ya mpango wa sevisi itenganishwe na bei ya gari ili mtu ajue ananunua nini. Sisi tuna FCC, tume yetu ya ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tunaiona ikiteketeza bidhaa bandia, na naishukuru, kwa sababu ya ile filta yangu. Ningefurahi siku moja ikiomba kuona na kitabu changu chenye mihuri.

Wiki iliyopita kilomita zilitimia tena. Safari hii nilikwenda na chupa tupu ya maji, ile ya nusu lita, nimeiosha na kuikausha juani. Nikaiweka juu ya kaunta na kumwambia binti, "Mwanangu, naomba chenji yangu." Alicheka mpaka akakaa. Akaingia ndani, akaongea na msimamizi, na baada ya muda kijana akaniletea chupa imejaa, oili rangi ya asali, kifuniko kimekazwa vizuri.

Ipo nyuma ya kiti cha dereva. Ankara mpya bado inasema lita 8, ila sasa ni kweli.