Hiyo picha ni mchoro tu
Ndugu mchangiaji hapo juu, unauliza wamepigaje picha sayari ya nyota nyingine, iliyo mbali namna hiyo. Hawajapiga. Ile iliyowekwa juu ya habari ni mchoro, na mhariri alipaswa kutuambia hivyo. Sayari nyingi za nyota nyingine hazionekani zenyewe, hujulikana kwa yale yanayoipata nyota. Mwaka 1995 wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz, kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Haute-Provence huko Ufaransa, waliukuta mwanga wa nyota iitwayo 51 Pegasi ukisogea kidogo upande wa bluu (nyota ikitusogelea), halafu upande wa nyekundu (ikienda mbali nasi), kisha bluu tena, kila siku 4 na ushee. Yaani nyota ilikuwa inavutwa huku na huku na kitu kinachoizunguka, kwa kasi ya mita kama 56 tu kwa sekunde, nayo iko umbali wa miaka ya nuru 50 hivi!

Njia nyingine ni kuvizia sayari ikatize mbele ya nyota, mwanga ufifie. Mshtarii ikikatiza mbele ya Jua hupunguza asilimia 1 hivi. Dunia yetu haifikishi hata sehemu 1 kwa 10,000. Ndiyo maana darubini ya Kepler ilirushwa angani mwaka 2009, hewa ya huku chini inachezesha mwanga mno.