Stelingi Hapiti Daraja Letu

Mimi nina neno na hawa watengenezaji wa sinema za mashujaa. Kwani bila daraja hawajui kupigana?

Jumapili nilikuwa nimejinyoosha kwa kochi, mtoto wa dada yangu kashika rimoti kama hati ya shamba. Sinema ya kwanza, daraja. Ya pili, daraja. Nikamwambia, "Ukiona basi la shule linaingia darajani, jua hilo halivuki salama." Akaniambia, "Anko, nyamaza tuone." Sijanyamaza hadi leo.

Mchukue Superman wa 1978. Basi limejaa watoto, linaning'inia ukingoni mwa daraja la Golden Gate, stelingi aje alisukume lirudi. Daraja hilo liko San Francisco tangu 1937, limepigwa na upepo na ukungu miaka yote hiyo na liko pale pale. Lakini likiingia kwenye sinema linageuka kiti cha plastiki cha matangani: kila mtu akija lazima akivunje. Mwaka wa 2006 akaja Magneto, yule adui wa X-Men anayevuta vyuma, akaling'oa zima zima na magari yake, akalipeleka hadi kisiwa cha Alcatraz ili watu wake wavuke kwa miguu. Mzee, meli ilikuwa na ubaya gani? Wewe kazi yako ni kuinua vyuma, na meli ni chuma! Thor naye, 2011, akaliponda kwa nyundo daraja la kwao wenyewe, lile la upinde wa mvua. Hapo nikasema basi, hata wenye daraja hawalitaki.

Lakini nimewafikiria, na ukweli nimeupata. Daraja ni mtego wa panya. Mbele foleni, nyuma foleni, chini maji. Ugomvi huo ungekuwa uwanjani, watu wangetawanyika dakika mbili na sinema ingeisha. Tena daraja lina vile vyuma vya juu, adui anapata pa kusimama aonekane. Green Goblin, 2002, alisimama juu ya Queensboro pale New York, huku kamshika Mary Jane, msichana anayependwa na Spider-Man, huku kashika kigari cha waya kimejaa watoto, anamwambia Spider-Man achague. Jamaa akawaokoa wote. Na watu waliokuwa darajani wakaanza kumrushia adui vitu. Hapo ndipo sinema yao ilipofanana na Nairobi kidogo. Ingawa hapa nusu wangerusha mawe, nusu wangeinua simu juu warekodi, na kungekuwa na mmoja ameinama anatafuta kama Mary Jane ameangusha kitu.

Hiyo sinema hapa haiwezi kuchezwa. Adui aje asimamishe magari? Yamesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. Atupe matatu kwenye mto Nairobi? Ukiondoa msimu wa mvua, abiria watatoka wamelowa hadi magotini, wananuka, na makanga yuko mlangoni anauliza, "Huyu wa nyuma amelipa?" Stelingi akiibeba hiyo matatu hewani, nauli inapanda papo hapo, leo tumepitia juu. Na ile barabara ya juu ya kulipia, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands? Pikipiki haziruhusiwi. Batman na pikipiki yake angegeuzwa pale pale, ashuke chini akabanane na bodaboda wenzake.

Daraja langu mimi ni la wapita njia, Barabara ya Thika. Barabara ilipofunguliwa rasmi 2012, na njia zake nane, tuliambiwa tusikatize chini, tupande juu. Mimi hupanda. Nilisoma, niliambiwa, nikasikia. Ile njia ya kupandia inazunguka kama mtu anayetafuta namna ya kukuomba pesa: inaenda huku, inarudi, inaenda tena, na bado haijafika. Nikifika katikati nachungulia chini, namwona jirani yangu, Baba Shiru, kakunja suruali anaruka vizuizi na mkoba kwapani. Anafika steji kabla yangu, anachukua kiti cha mwisho, halafu ananipungia mkono dirishani. Kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Na huko juu si njia, ni soko. Soksi, kava za simu, njugu, sumu ya panya, mhubiri na spika yake, mtu wa mizani anayetaka kukupima kilo kwa lazima. Unapita kwa ubavu. Giza likiingia unahamishia simu ndani ya soksi, ndiyo maana soksi zangu zote zimelegea, na ndiyo maana Jumanne nilisimama kununua.

"Tatu mia, boss." Kijana akaingiza ngumi ndani ya soksi, akaivuta hadi nikaona vidole vyake kupitia kitambaa, akaiachilia, pwaa, ikarudi. Nikatoa mia. Akanipa moja niikague kisigino, tano bado anazo mkononi. Ndipo mtu akapiga mbinja. Hakusema nani wanakuja. Hakuna aliyeuliza.

Kijana akavuta kamba. Nailoni yake ilikuwa imefungwa kamba pembe zote nne, duka zima likajikunja likawa furushi, furushi likapaa mgongoni, kipande cha nailoni kikabaki kinapepea nyuma kama joho. Akapanda reli, akaruka hadi mzunguko wa chini wa ngazi, akaruka tena. Akapotea. Mimi nimeachwa nimesimama na soksi moja ya kijivu.

Nilipomsimulia mtoto wa dada yangu, aliniuliza swali moja tu: "Anko, alikuwa anapaa kweli?"

Leo ni siku ya nne natembea na hiyo soksi mfukoni. Jioni hii nimemwona, ng'ambo ya barabara, kaitandika nailoni chini ya mlingoti wa taa, ngumi iko ndani ya soksi. Nikageuka kwenda darajani. Nikaitazama ile njia inavyoenda huku na kurudi. Nikamtazama kijana. Baba Shiru alikuwa kando yangu, ameshakunja suruali.

"Jirani," akaniambia, "nikushikie mkoba?"